Posho hailiki mbichi: miaka minne kwenye mgao wa Nyarugusu

Mpima Unga:

Wakuu, habarini.

Juzi humu kuna jamaa aliandika kwamba mkimbizi ni mtu mwenye bahati, anakula bure, analala bure, anatibiwa bure. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona maneno yatakuwa mengi, bora nifungue uzi wangu. Mwenye chai aweke mezani, maana sitaandika kwa kifupi.

Mimi ni mwenyeji wa Kasulu. Nimefanya kazi miaka minne kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa mkoani Kigoma, upande wa mgao wa chakula, shirika sitalitaja. Sikuwa bosi. Nilikuwa mtu wa kusimamia kata, kile chombo cha kuchotea, na mizani. Jioni natoka pale nikiwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope, watoto wa kambini wakaniita "muzungu wa unga". Jina likaganda.

Kwa wasioijua: Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, vita vilipowaka Zaire, Kongo ya leo, na watu wa Fizi, Baraka na Uvira wakavuka Ziwa Tanganyika kwa maboti. Wengi wao bado wapo, na wajukuu. Halafu 2015 Burundi ikachafuka, Warundi wakaanza kumiminika. Mnaokumbuka, walijazana Kagunga pale ufukweni, kijiji kidogo kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, watu zaidi ya 30 wakafa kabla meli ya MV Liemba haijamaliza kuwasomba kuwaleta Kigoma mjini. Nyarugusu iliyokuwa na watu elfu sitini na kitu ikafika zaidi ya laki moja na nusu ndani ya miezi. Kambi ya Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, ya Mtendeli Januari 2016, ili kupumua.

Sasa siku ya mgao. Ukifika kituoni saa kumi na moja alfajiri hukuti watu, unakuta mawe. Kila jiwe ni mtu. Hapa tofali, hapa sufuria lililotoboka, hapa kandambili moja ya kushoto. Mwenye kandambili kaenda kukinga maji bombani, atarudi jua likichomoza, na ole wako usogeze alama yake hata kwa hatua moja. Kituo changu mstari ulikuwa unaanzia chini ya mwembe mkubwa, na kuwa na jiwe kwenye kivuli cha mwembe ilikuwa cheo. Nimeona watu wazima wakigombana mpaka sungusungu wanaitwa, ugomvi ni wa tofali.

Kule watu hawasemi WFP (Mpango wa Chakula Duniani) wala UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa). Wakongo na Warundi shule yao ni ya Kifaransa, kwa hiyo ni PAM na HCR. Posho, yaani huo mgao wa chakula, inatoka PAM, turubai linatoka HCR, kibali kinatoka kwa Mkuu wa Makazi, mtu wa serikali anayesimamia kambi. Mtoto wa miaka sita anakupangia hiyo serikali yote bila kukosea.

Mgao kamili unapigiwa hesabu mtu apate kalori 2,100 kwa siku. Unga wa mahindi kama gramu 380, njegere au maharage gramu 120, mafuta kidogo, chumvi, na unga wa uji wenye soya. Huo mgao kamili mimi nimeuona miezi ya kuhesabu kwa vidole. Machi 2023 ulishushwa mpaka asilimia 65, Juni mwaka huohuo asilimia 50. Kwenye kata ya mafuta sisi tulibandika utepe mwekundu katikati, ndiyo mwisho wa kujaza. Wazee walikuwa wanautazama ule utepe kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba. Nusu yake ni gramu 190 za unga. Kapime jikoni kwako, usonge, ule huo kutwa nzima, kesho uje uniambie habari za kula bure.

Lakini nisiwadanganye, tatizo nililofungulia uzi siyo kipimo cha unga. Ni kuni.

Posho hailiki mbichi. Unga unataka moto, njegere zinataka moto wa nusu siku, na kuni hazimo kwenye posho. Miti ya karibu ilikwisha kabla hao watoto hawajazaliwa. Zamani kulikuwa na uvumilivu wa kilomita 4 kuzunguka kambi, watu wanaenda porini kuokota na kurudi. Baadaye kamba ikakazwa. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inasema mkimbizi anakaa eneo alilopangiwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Kwa hiyo serikali na mashirika wanakupa unga, halafu kitu cha kuupikia kiko upande wa pili wa mstari ambao ukiuvuka unakamatwa.

Watu wanafanyaje? Wanauza unga ili wapate kuni za kupikia unga uliobaki. Chukua mama mmoja, yeye na watoto wanne. Kwa mgao wa nusu anaondoka na kama kilo 26 za unga za kumfikisha siku 28. Hajafika hata nyumbani, palepale nyuma ya uzio kuna watu wa mizani ndogo wanamsubiri. Kilo tatu zinakwenda kwenye kuni. Mbili dagaa na sabuni. Moja anamlipa jirani aliyemkopesha mwezi uliopita. Zimebaki ishirini, na siku ni zilezile. Wiki ya mwisho kabla ya mgao ukipita kwenye vijiji vya kambi jioni huoni moshi. Ndivyo tulivyokuwa tunajua hali bila kusoma ripoti ya mtu.

Na hapo sijagusa habari za muhogo. Mbembe, yule Mkongo wa kabila la kule Fizi, ukimpa ugali wa sembe atakwambia amekunywa uji mgumu. Anataka ugali wa muhogo na sombe, sisi tunaita kisamvu. Kwa hiyo anauza sembe kwa hasara, ananunua muhogo wa wanakijiji. Ofisini waliita hiyo "matumizi mabaya ya posho". Mimi mwenyewe nikikaa Dar wiki mbili natafuta dagaa wa Kigoma kama mgonjwa, kwa hiyo sikuwahi kuona ubaya wake.

Nikipumzika naendelea.

kijana wa nyuki: Nimekaa pale. Shusha nondo mkuu.

Mzawa wa Makere:

Mpima Unga, umeandika vizuri ila umeandika ya upande mmoja. Sisi tunaopakana na kambi je? Baba yangu alikuwa na msitu wa miombo, anafuga nyuki. Leo pale ni nyasi. Mahindi yanavunwa usiku na watu ambao hawakuyalima. Ukilala na mbuzi nje unaamka na kamba. Halafu tukienda kulalamika tunaambiwa tuwe na utu. Utu tunao tangu 1996, ungekuwa unauzwa tungekuwa matajiri.

Mpima Unga:

Ndugu yangu, hujasema uongo hata kimoja. Na wewe nikuulize kwa heshima: hizo kuni zinazouzwa nyuma ya uzio zinaletwa na nani?

Mzawa wa Makere:

Haya, tunaleta sisi. Hata mimi nimeuza, sifichi. Baiskeli moja ya kuni kwa unga, unga tunakula nyumbani, mwingine tunapeleka mnadani. Mti ninaoulilia ndio niliouza. Lakini na wewe jua kwamba nisipouza mimi atauza mwingine, na mtoto wangu anataka daftari.

Na ile hospitali ya kambini tunatibiwa na sisi, nayo niseme ukweli. Mke wangu kajifungulia pale.

Mpima Unga:

Asante kwa kuwa mkweli, wengi humu hawawezi. Nikuongezee: Desemba 2016 PAM walianza kuwapa baadhi ya kaya pesa badala ya chakula. Mnakumbuka soko lilivyochangamka? Muhogo wa Makere, dagaa wa Kigoma, vitumbua, mafundi cherehani. Mama anachagua mwenyewe, kuni ananunua bila kuuza unga kwa bei ya kutupa. 2017 serikali ikasimamisha. Siku ile waliolia zaidi hawakuwa wakimbizi, walikuwa wafanyabiashara wetu wa Kasulu waliokuwa wameshakopa mtaji. Kuanzia 2018 na masoko ya pamoja, ya wakimbizi na wanavijiji, yakaanza kubanwa: siku zikapunguzwa, mengine yakafungwa. Hoja ilikuwa usalama. Mimi siyo mtu wa usalama. Nachojua ni kwamba biashara haikufa, ilihamia gizani, na gizani anayepanga bei ni mwenye tochi.

Nesi Mstaafu:

Nimesoma kimya, naomba niingie hapo kwenye kuni maana wanaume mmeipita juujuu.

Nilifanya kazi Nduta. Anayekwenda porini ni mama au binti. Kaka zake wanasema wao wakikamatwa watawekwa ndani. Sasa mwanamke anaondoka usiku wa manane ili asionwe na askari, na akionwa na mtu mwingine huko hana pa kushtaki, maana atashtaki vipi jambo lililomkuta mahali ambapo hakutakiwa kuwepo? Alikuwa anakuja kwangu siku ya tatu, ya nne, anasema tumbo linauma. Mimi namfunga mlango, namwambia mama kaa, sina haraka. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72 tangu lilipomkuta. Wengi walikuwa wananikuta saa hizo zimeshapita. Hapo ndipo mjue kuni zinagharimu nini.

Mengine ni yale mnayoyajua. Mvua ikianza, malaria, wodi mtu na nusu kwa kitanda. Warundi wa mwanzo walikaa kwenye mahangari, mabanda makubwa ya pamoja, kaya na kaya zinatenganishwa na kipande cha turubai, mtoto wa huyu akikohoa wote mnaamka. Mabinti wakiwa kwenye siku zao wanachana kitenge cha mama. Kuna mmoja alinieleza hawezi kufua kile kitambaa mchana kwa sababu bombani kuna foleni ya watu, na hawezi kukianika kwa sababu kamba iko mbele ya mlango wa wakwe. Basi anakivaa kibichi. Vitu kama hivyo havimo kwenye fomu.

Mpima Unga: Dada, umesema jambo ambalo mimi nisingeweza kulisema. Shikamoo.

Nesi Mstaafu: Marahaba.

Mtoto wa Zoni:

Wakubwa shikamooni. Mie nilizaliwa Nyarugusu 1999, nimetoka 2017, sasa niko Kentucky, Marekani, na wazazi. Kiswahili changu kina Ubembe ndani, mtanivumilia.

Watu wanauliza njaa, njaa. Njaa unaizoea, unajua siku zake. Kitu sikuzoea ni kungoja. Shule yetu ilikuwa ya Kongo, kitabu cha Kongo, Kifaransa. Darasani tulikuwa zaidi ya mia, mwalimu ni mkimbizi kama wewe, analipwa kitu kidogo cha kununua sabuni. Nilikuwa naweza kuchora ramani ya Kongo macho yamefungwa, mito yote, Lomami, Kasai, Lualaba. Nchi sijawahi kukanyaga. Na kile kilima ulikuwa unakiona ukisimama nyuma ya shule yetu, jina lake silijui mpaka leo. Nimezaliwa Tanzania miaka kumi na nane nimeiona kupitia uzio.

Kisha ni ile ubao. Wakubwa wa HCR wanabandika karatasi za majina: fulani ana intavyuu, fulani ana medikal, fulani ana safari. Kuanzia 2015 Wakongo wa zamani waliitwa wengi kwenda kuishi Marekani, kambi yote ikawa inaishi kwa ile ubao. Mtu halimi bustani yake kwa sababu "labda tutaondoka". Harekebishi nyasi za nyumba, labda tutaondoka. Kijana haoi, akioa kesi yake itachanganywa na ya mwanamke, waanze upya. Kuna watu waliishi labda-tutaondoka miaka minane.

Shangazi yangu alikuwa amefika mwisho kabisa. Medikal amemaliza, mafunzo ya safari amemaliza, vile vya kukaa kwenye ndege na kufunga mkanda. Akagawa vyombo vyake kwa majirani, kama watu wote wanavyofanya. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani wakasimamisha programu ya kupokea wakimbizi. Akanipigia simu hata halii, ananiambia, "Mwanangu, nazunguka kuomba sufuria zangu." Alikuwa amegawa tano. Zilirudi mbili.

kijana wa nyuki: Dah. Hiyo ya sufuria imeniua.

Hassan wa Kakuma:

Nawasalimu kutoka Kakuma, Turkana, Kenya. Huku kambi ni ya tangu 1992, vijana wa Sudan ndio walianza, sasa tuko mataifa mengi na Kiswahili ndicho kinatuunganisha.

Mpima Unga hayo ya kuni ni yetu pia, tofauti ni kwamba huku hakuna msitu wa kugombania. Ni mchanga, jua na miiba. Makaa yanaletwa na Waturkana wenyewe, mama anakuja na gunia kichwani kutoka mbali kabisa, anabadilishana na unga. Wengi tuna mama wetu mmoja wa Kiturkana, anakujua kwa jina, anajua siku ya chakula kuliko wewe. Posho yetu ikikatwa na yeye analala njaa, hilo watu wa Nairobi hawalioni.

Tangu 2015 tulikuwa na Bamba Chakula, pesa ya chakula inaingia kwa simu, unaenda dukani kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa. Shida yake ni deni. Unakula mwezi huu, pesa inaingia mwezi ujao, na laini yako ya simu anabaki nayo mwenye duka kama rehani. Machi 2025 chakula kilipopunguzwa vibaya watu waliandamana. Agosti wakatugawa makundi kulingana na uwezo wa mtu, kundi la mwisho likaambiwa lijitegemee. Sawa, nijitegemee. Na nikitaka kwenda Kitale kutafuta mzigo wa nyanya ni lazima kwanza niombe karatasi ya kutoka. Nyanya hazingoji karatasi.

Mchango wa Leo:

Naulizeni tu bila ubaya, kwa nini wasirudi kwao? Burundi sasa kuna amani.

Mpima Unga:

Wapo waliorudi, tangu Septemba 2017 mabasi yanawarudisha kwa makubaliano ya nchi mbili na UNHCR. Mimi mwenyewe nimewapungia watu mkono. Aliyeona kwake kunakalika ameondoka, huhitaji kumsukuma. Mtu anayekubali gramu 190 kuliko kurudi kijijini kwake ana jambo analolijua ambalo mimi na wewe hatulijui. Na Mkongo wa Fizi umrudishe wapi, kila mwaka kuna kundi jipya lenye bunduki milimani.

Ila swali lako linanipeleka pengine. Warundi waliokuja 1972 mnawakumbuka? Walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kule walipewa ardhi na majembe. Miaka michache tu posho ikakoma, kwa sababu haikuhitajika tena. Walilima mahindi, walilima tumbaku, walilipa kodi, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia wa nchi hii. Ni Tanzania hiihii na Warundi walewale. Mmoja alipewa shamba, mwenzake alipewa kadi ya posho. Halafu tunamtukana wa pili kwamba ni mvivu, amezoea vya bure.

Mtaniambia idadi ilikuwa ndogo na ardhi ilikuwepo. Kweli. Mtaniambia mzigo wa dunia nzima hauwezi kubebwa na Kigoma peke yake, na wafadhili wanaotuhubiria ndio wanaokata pesa. Kweli tupu, hapo niko na serikali yangu. Lakini bustani ya mchicha mita kumi kwa kumi, na soko mara mbili kwa wiki, na ruhusa ya kwenda kuokota kuni mchana kweupe huku askari anaangalia badala ya kukamata, hivyo vinahitaji mfadhili gani?

Mzawa wa Makere: Kuni za kuokota sawa. Wakija na shoka hapana.

Mpima Unga: Na wewe usiuze za shoka, basi tutaelewana.

Mzawa wa Makere: 😂 Umenishika.

Nesi Mstaafu:

Majiko banifu yalisaidia kidogo, yale ya udongo. Kina mama walifundishwa kuyafinyanga wenyewe, kuni tatu zinafanya kazi ya saba. Kuna kaya zilijaribiwa gesi. Wale waliopata gesi niliwaona hata sura zilibadilika, maana mama analala mpaka saa kumi na mbili. Ila unga ukiwa nusu, hata jiko la dhahabu halina la kupika.

Mpima Unga:

Kweli dada. Na kuna njegere zile za njano zilizopasuliwa, mnazikumbuka? Ukizikosea kidogo zinachemka kutwa na zinabaki mawe. Mama mmoja wa zoni yetu aliniletea bakuli kituoni, akalitua juu ya mizani yangu mbele za watu. "Muzungu wa unga, onja." Nikaonja, jino nusura liniage. Akaniambia, "Hizi zinakula kuni kuliko sisi tunavyozila. Mwambie PAM atuletee kitu kinachoiva." Nikaandika kwenye fomu ya malalamiko, sehemu ya maelezo, vilevile alivyosema. Mwezi uliofuata zikaja njegere zilezile, magunia mapya.

Mtoto wa Zoni:

Hahaha, zile njegere! Mama yangu alikuwa anazilaza kwenye maji na majivu kidogo usiku kucha. Hapa Kentucky dukani zipo, mfuko mzuri kabisa. Mama hataki hata kupita kwenye rafu zake.

Kaka Mpima Unga, nikuulize. Kile kituo unasema, mwembe ule ndio ulikuwa karibu na bomba, una tawi limeinama upande wa barabara? Sisi watoto tulikuwa tunalala juu ya lile tawi kulinda mawe ya wazazi. Bado upo?

Mpima Unga:

Ndio huohuo mdogo wangu. Haupo. Lile tawi lilianza kuondoka, halafu kila wiki ukawa unapungua kidogo, hakuna aliyeona mtu akiukata. Baada ya ule mgao wa nusu wa kwanza nilikuta kisiki. Jumatatu iliyofuata kisiki nacho hakipo, wamechimba mpaka mizizi. Lile shimo tulilifukia ili wazee wasivunjike miguu kwenye foleni. Mawe wanaanza kuyapanga palepale.